Nilitaka mshauri amtengeneze binti yangu peke yake, akaniambia hapokei rejareja

Wakuu, heshima zenu popote mlipo, wa juani na wa kwenye kiyoyozi.

Mimi humu ni msomaji wa kimya, miaka mingi sasa. Nyuzi zenu nasoma, nacheka, naondoka bila kugonga like, maana sitoi kitu bure. Leo narudisha kidogo.

Ninayosimulia yametokea nyumbani kwangu, na kila namba mtakayoiona hapa nimeihesabu mara mbili. Jina la binti yangu nimelibadilisha, tumwite Sabra. Jina hilo kalichagua mwenyewe, na uzi huu kausoma kabla sijaupandisha. Alifuta mistari minne. Nikaomba abakize miwili, akagoma.

Kwa hiyo kama kuna mahali mtaona stori imeruka, mjue ni yeye.

Nijitambulishe kidogo. Nauza mashuka na mapazia ya mtumba pale Sabasaba, Dodoma mjini. Ukoo wetu ulifika huku kati na misafara ya biashara ya zamani. Babu wa babu yangu alitua mzigo apumzike, akauza nusu, akaoa, hakuondoka tena. Tangu siku hiyo hakuna mtu wa kwetu aliyewahi kukubali bei ya kwanza.

Ukiniambia tukutane saa nne, nakwambia saa tatu na nusu. Sio ubishi wakuu, ni malezi.

Sasa twende.

Mwaka jana mwanzoni tulihama Majengo tukahamia kwenye nyumba yetu Nzuguni. Nyumba haijaisha, dirisha moja bado lina bati, lakini ni yetu. Tupo wanne: mimi, mke wangu, Sabra mwenye miaka kumi na tano, na mama yangu mzazi ambaye nyumba nzima tunamwita Bibi. Nikihesabu tena, wanne.

Sabra akahamia shule ya kutwa ya huku huku, form two.

Mjue kwanza kwamba Majengo huyu mtoto alikuwa redio. Majirani walikuwa wanajua tumekula nini kabla hatujanawa mikono. Tulipofika Nzuguni, taratibu redio ikaanza kupungua sauti. Mimi nikafurahi. Nikamwambia mke wangu, "Unaona? Binti kakua, ana staha."

Mke wangu akaniangalia tu.

Ikafika mahali Sabra hali na sisi. Ukimwita, "Nimeshiba." Ukimuuliza shule, "Kawaida." Kuna wiki moja nilihesabu maneno yake yote hapa nyumbani. Yalikuwa kumi na manne, shikamoo zikiwemo.

Halafu mwalimu wake wa darasa akanipigia simu.

"Baba Sabra, mtoto anaumwa nini?"

"Haumwi, Madam. Yuko shule."

"Mwezi huu kaja siku kumi."

Mwezi ule ulikuwa na siku ishirini na moja za shule. Nikatoa, nikatoa tena. Siku kumi na moja binti yangu alitoka nyumbani na sare, akarudi na sare, na shule hakufika.

Jibu la alikokuwa nilipewa na jirani yetu anayeuza maji stendi kuu. Stendi yenyewe iko huku huku Nzuguni. Akaniambia, "Mzee mwenzangu, nilidhani unajua. Yule binti yako anakaa kwenye mabenchi ya abiria. Peke yake. Anaangalia mabasi yanaondoka."

Hapo utani ukaniisha. Pale kuna basi la kila upande wa nchi hii. Mtoto anayeangalia mabasi kila siku, siku moja atapanda.

Jioni nikamuuliza. Akasema, "Nakaa tu."

Nikamwambia, "Unakaa tu, au unakaa na mtu?"

Akaingia chumbani, akafunga mlango. Hapo ndipo mazungumzo yetu yalipoishia, mwezi mzima.

Ushauri ukaanza kumiminika. Bibi akasema ni kijicho cha watu kwa sababu tumejenga. Shemeji yangu wa Buigiri, upande wa mke wangu, akasema tumpeleke kwake akapalilie zabibu, jua la shambani halina mtoto mkimya. Mimi nikasema bweni, tena la mbali.

Madam ndiye aliyenizuia. Akasema, "Baba, mtoto haongei. Ukimpeleka bweni, atanyamazia bwenini." Akanielekeza kwenye kituo kimoja mjini ambako kuna mshauri anayeshughulika na mabinti wa umri huo.

Nikaenda mwenyewe kwanza, kupima mali.

Nikamkuta dada mmoja mdogo mdogo, raba miguuni, ushungi hana, kicheko anacho. Nikamwamkia, nikakaa, nikaanza biashara.

"Dada, mimi mtu wa kazi. Nikuletee binti Jumatatu, nimchukue Ijumaa akiwa sawa."

Akauliza, "Nyumbani mko wangapi?"

"Wanne."

"Basi leta wanne."

"Mwenye shida ni mmoja."

"Baba yangu, hapa sipokei rejareja. Napokea nyumba nzima."

Wakuu, miaka yote sokoni sijawahi kupigwa kwa lugha yangu namna ile. Nikasema ngoja niokoe hata idadi. Nikamuuliza, mara ngapi? Akasema mara nane, kila wiki mara moja. Nikasema tatu. Akasema saba, hiyo ni kwa sababu ni wewe. Nikasimama kama naondoka, mnajua ile. Nikafika mlangoni. Akasema, "Sita, lakini wote wanne, na hakuna kukosa."

Nikarudi nikakaa. Nilitoka pale kifua mbele.

Kazi ikawa kumshawishi Bibi. "Mimi sina wazimu," akasema. Nikamwambia hata mimi sina. Akasema, "Wewe sina uhakika." Akakubali kwa sharti kwamba atapewa kiti chenye mikono.

Siku ya kwanza tukakaa duara. Bibi kwenye kiti cha mikono, mke wangu karibu na Sabra, mimi karibu na mlango. Yule dada akamuuliza Sabra kitu kidogo, kwamba hapa kwenye kiti anajisikiaje. Mke wangu akajibu, "Yuko sawa, ana aibu tu."

Dada akauliza kingine. Mke wangu akajibu tena. Cha tatu, mke wangu akajibu tena, halafu akaziba mdomo mwenyewe. Akasema taratibu, "Mungu wangu. Kumbe ni mimi ninayejibu."

Hiyo mimi sikuwahi kuiona, na nakaa na mwanamke huyu miaka kumi na saba. Nilikuwa nimekaa pale naona zamu hiyo mimi nimepona.

Sikupona.

Likaja zoezi. Sabra aseme jambo moja, mimi nilirudie kama alivyolisema. Nisiongeze, nisipunguze. Nikaona huu ni mtihani wa chekechea.

Sabra akaangalia sakafu. Akasema, "Shule naonewa sana."

Nikasema, "Shule anaonewa kidogo."

Dada akasema, "Baba, rudia kama alivyosema."

"Kuna wakati anaonewa."

"Rudia."

"Anaona kama anaonewa."

Mke wangu akaangua kicheko kile cha uchungu. "Dada, huyu usihangaike naye. Siku namzaa huyu mtoto, nesi kasema kilo tatu na nusu, yeye kauliza kama mzani umekaguliwa!"

Bibi naye akacheka. Mimi nikacheka. Sabra hakucheka.

Akasema, na hii ndiyo ilikuwa sentensi yake ndefu kuliko zote mwaka ule, "Nilimwambia baba mwezi wa tatu. Nilimwambia darasani wananicheka wote. Baba akasema, wote? Darasa zima? Hesabu vizuri. Nikaenda nikahesabu."

Akainua macho kutoka sakafuni.

"Walikuwa thelathini na moja. Nikarudi nikamwambia. Baba akasema, unaona? Sio wote."

Wakuu.

Nilikumbuka. Nilikumbuka mpaka mahali nilipokuwa nimekaa, nakunja pazia la kijani. Nilikumbuka na kwamba nilijisikia vizuri, nilidhani nimemsaidia. Kwenye akili yangu nilikuwa nimempunguzia mzigo. Darasa lina watu hamsini na nane, nimemtolea ishirini na saba hapo hapo, bila jasho.

Mtoto alikaa pale darasani, wanamcheka, na yeye anawahesabu. Kwa sababu baba yake kasema.

Nilitafuta leso mfukoni, nikakuta nimetoka na sampuli ya pazia.

Chanzo chenyewe kikatoka wiki iliyofuata. Shule ile ina debate ya Kiingereza kila wiki. Sabra mgeni, akasimamishwa mbele, maneno yakamkatalia. Alisimama kimya muda mrefu. Jamaa mmoja nyuma akapaza sauti, "Loading!", kama vile Sabra ni simu yenye mtandao mbovu. Darasa likalipuka. Tangu siku hiyo jina lake ni Loading. Akinyoosha mkono, loading. Akisomewa mahudhurio, loading. Akaona afadhali asifungue mdomo kabisa. Ukishazoea kuufunga shuleni, nyumbani nako haufunguki, hasa nyumba yenyewe ikiwa mama anakujibia na baba anakupunguzia.

Mkisema hilo ni jambo dogo, mimi nililisema kabla yenu, na mmeona lilikonifikisha.

Dada akatupa kazi ya nyumbani. Kila siku baada ya magharibi, tukae mkekani. Mtu mmoja aongee dakika kumi. Wengine kazi yao kusikiliza, na wakifungua mdomo, ni kurudia alichosema. Sabra akauliza kama anaweza kuleta kitu. Kesho yake akaja na kipande cha boksi, kaandika kwa maka pen herufi kubwa: BEI MOJA.

Akakiegemeza kwenye birika, kikiniangalia mimi.

Mnajua ninavyoyachukia maduka ya bei moja? Naona kama mtu kakataa salamu yangu. Sasa liko sebuleni kwangu.

Siku za mwanzo zilikuwa mateso. Bibi aliyesema hana wazimu alipopewa dakika kumi alitumia ishirini na mbili, akaanzia utotoni mwake. Mke wangu alikuwa anakalia mikono yake ili asijibu. Sabra zamu yake alikuwa anakaa kimya dakika zote kumi, na sisi tunarudia kimya chake. Nilipima kwa saa, na kwa simu. Dakika kumi za kimya ni ndefu kuliko safari ya Singida.

Siku ya sita ya mkeka akasema, "Leo ugali ulikuwa mzuri."

Tukarudia wote watatu kama kwaya. Akatabasamu upande mmoja. Nikahesabu kama tabasamu zima, nikajirudi, nikaandika nusu.

Msidhani ikawa mteremko. Baada ya kikao cha tatu, jioni moja Sabra kasema, "Jumatatu nitarudi shule."

Na mimi, mbele ya boksi lile, mdomo ukaniponyoka. "Kwa nini Jumatatu? Kesho si Alhamisi, kuna siku mbili hapo."

Mke wangu alifumba macho. Bibi akasema, "Mwanangu, wewe nilikuzaa mzima kweli?"

Sabra akanyanyuka.

Kesho yake saa nne mke wangu ananipigia sokoni, hajamuona Sabra chumbani, na begi dogo halipo. Nikaacha meza kwa jirani, sikumwambia hata bei za shuka. Bodaboda mpaka stendi. Sikuelewana naye bei kabla ya kupanda, aliponitajia nikampa. Jamaa alishtuka, nadhani alijuta hakutaja zaidi.

Nikamkuta kwenye benchi. Begi mapajani. Vumbi linapita, mabasi yanaunguruma.

Nilikuwa na maswali kichwani, nimeyahesabu njiani, kumi na moja. Nikakaa pembeni yake.

Akasema bila kunitazama, "Sitaki kurudi nyumbani leo."

Wakuu, nilikuwa na jibu. Nilikuwa na majibu. Leo mpaka saa ngapi, hutaki au huwezi, ukirudi nitakununulia nini. Yote yako kwenye ulimi.

Nikasema, "Hutaki kurudi nyumbani leo."

Nikanyamaza.

Tulikaa hivyo. Mabasi saba yaliondoka, nikiwa makini nayo kwa sababu kila moja likiondoka nilikuwa naangalia mguu wa Sabra, kama utanyanyuka. La nane likiwa linaita, akatujia mpiga debe, kijana mchangamfu. "Singida, Singida! Mzee na binti, viti viwili vya mbele, dirishani kabisa!"

Nikamwambia, "Asante kijana wangu, hatusafiri." Akaenda zake.

Nikasikia kitu pembeni. Sabra anacheka. Sio nusu. Kicheko cha Majengo.

"Baba, hujamuuliza bei!"

"Sijamuuliza."

"Unaumwa?"

"Nadhani."

Akacheka mpaka akafuta macho, halafu macho yakaendelea kutoa maji na kicheko hakipo tena. Ndipo akaniambia lile ambalo hakulisema hata kwa yule dada mshauri. Kabla Madam hajanipigia simu, kuna siku alitaka kupanda kweli. Alikuwa na hela yake ya Idi. Alifika mpaka mlangoni mwa basi.

Nikajifanya napangusa vumbi kwenye suruali. Sikuuliza basi la wapi.

"Konda akanitajia nauli. Nikamwambia apunguze. Akasema haipungui."

"Akasema haipungui," nikarudia.

"Nikaona ananionea. Nikarudi nyumbani."

Nilikaa pale nikielewa kwamba mtoto wangu nimebaki naye kwa sababu ya konda mmoja mbishi, na kwa sababu ya damu ile ile iliyokuwa inamfukuza nyumbani. Nilishindwa kujizuia, Mungu anisamehe.

"Alitaja ngapi?"

Akanitajia.

"Ah, ni ghali hiyo."

"Si ndiyo?" akasema.

Tulirudi nyumbani saa nane mchana. Alikuwa kasema harudi leo, mimi sikumwambia chochote. Alinyanyuka mwenyewe, akanipa begi nimbebee. Shule alianza Jumatatu, kama alivyosema mwenyewe. Mimi Ijumaa ile niliipita nikiwa nimeng'ata meno.

Vikao vilivyobaki tulikwenda wote. Kimoja Madam naye alikuja, wakapanga na Sabra kwamba kwa sasa atajibu akiwa amekaa, debate atakuwa mtunza muda mpaka mwenyewe akitaka kusimama, na hilo jina likitajwa, Madam atalishughulikia bila kumtaja Sabra. Mke wangu siku hizi mtu akimsalimia Sabra njiani, anageuka kuangalia ukuta ili asijibu. Watu wa Nzuguni wanadhani anatafuta kiwanja.

Kikao cha sita, tunaaga, nikamwambia yule dada kwa majigambo, "Unaona? Ulitaka nane, sita zimetosha."

Akafungua faili letu, akanionyesha karatasi ya kwanza kabisa, aliyoijaza siku Madam alipompigia simu, kabla mimi sijafika. Imeandikwa vikao sita. Chini yake, kwa kalamu: *baba ni mfanyabiashara, anza na nane.*

Sabra alicheka mpaka getini. Mimi nimempa heshima yangu yote yule dada, akichoka kushauri watu aje Sabasaba, meza ipo.

Boksi bado lipo kwenye birika. Wiki iliyopita, baada ya magharibi, zamu ya Sabra. Akasema, "Leo nilijibu swali la historia. Nimehesabu. Wamecheka tisa."

"Wamecheka tisa," tukarudia.

Nikakaa. Likaniuma. Nikaomba ruhusa ya kuongeza neno moja, akaniangalia, akageuza boksi uso chini kidogo.

Nikasema, "Tisa ni wengi, mwanangu."

Akanikazia macho. Halafu akasema taratibu, kama mtu anayemtuliza mteja, "Baba, si walikuwa thelathini na moja? Wanapungua."

Wakuu, mimi nimejifunza kimoja tu, na sina elimu ya kujifunza viwili kwa mwaka. Mtoto akikutajia uzito wa mzigo wake, usimpunguzie kabla hujaushika. Kama alivyousema ndivyo ulivyo, hata kama kwako wewe ni mwepesi. Na msimpeleke kwa mtu kama redio kwa fundi, mkasubiri kuitwa kuichukua. Nendeni wote. Bibi pia, mtafutieni kiti cha mikono.

Karibuni mchangie, hasa wenye mabinti. Nyumbani kwenu nani anajibu kwa niaba ya mwenzake, na nani anapunguza? Waliopitia vikao kama hivi leteni yenu, na wanaoona ni mambo ya kizungu nao waseme, nitawasikiliza. Nitarudia mlichosema, basi.

Atakayelalamika uzi mrefu, Sabra kaniambia nimjibu hivi: haupungui.